Kigari cha matairi matatu kwa mchanga na mbigili za Dodoma

Tangu nianze kumsukuma mwanangu kwenye kigari cha matairi matatu hapa Nzuguni, kina mama wengi wamenisimamisha njiani kuniuliza nimekinunua wapi. Hilo nalijibu haraka, kisha nawauliza la kwangu: ukitoka getini kwako unakanyaga nini? Lami, kokoto au mchanga? Jibu la hapo ndilo linaloamua kigari gani kinakufaa, na rangi na mapambo vije baadaye.

Dodoma yetu imepata lami nyingi tangu Serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016, lakini ukishakata kuingia mitaani, iwe Nzuguni, Ipagala, Nkuhungu au Miyuji, unakutana na mchanga mkavu na changarawe. Mvua za Desemba hadi Aprili zikipita, zinaacha vikorongo katikati ya njia. Vigari vingi vinavyouzwa madukani vina matairi madogo ya plastiki, mawilimawili kila kona. Kwenye vigae vya dukani vinateleza vizuri mno na muuzaji atakusukumia hapo hapo uone. Kwenye mchanga tairi dogo linazama, linakusanya rundo la mchanga mbele yake, kigari kinagoma. Ukilazimisha kinainamia mbele, na mtoto yumo.

Tairi kubwa linapanda juu ya mchanga na vijiwe badala ya kugota. Na kwa kuwa la mbele ni moja, unakandamiza mpini kidogo, mbele panainuka, unavuka ukingo wa mtaro bila kumwita mtu akusaidie kubeba. Vigari vya namna hii asili yake ni barabarani hasa: Mmarekani Phil Baechler, wa mji wa Yakima katika jimbo la Washington, alitaka kukimbia mazoezi akiwa na mwanawe, akafunga matairi ya baiskeli kwenye kigari, na mwaka 1984 akaanza kuviuza. Ndiyo maana vile vya kweli vina matairi makubwa. Siku hizi kuna vinavyoiga umbo tu, mguu mmoja mbele lakini gurudumu dogo. Hivyo viache. Matairi ya nyuma yakiwa ya inchi 12 au zaidi, na la mbele likikaribia hapo, umeanza vizuri.

Sasa tuje kwenye tairi lenyewe, maana hapa ndipo pesa inapopotea. Adui wa tairi Dodoma ni mbigili. Unazijua: mmea unaotambaa chini, maua madogo ya njano, ukikauka unaacha mbegu ngumu zenye miba, na zilivyoumbwa, mbegu ikilala vyovyote lazima mwiba mmoja utazame juu. Kiangazi zinajaa pembeni mwa njia, kule kule tunakojibana kupisha bodaboda. Fundi baiskeli wa mtaani kwetu, mzee mtaratibu sana, alichomoa tyubu akaizamisha kwenye beseni la maji, akaonyesha vipovu vinapotokea, halafu kabla ya kuziba akapitisha kidole polepole ndani ya tairi lote. Akatoa ncha ya mwiba ndogo kama punje ya mtama. Akaniambia, "Mwanangu, ukiziba tundu ukaacha mwiba ndani, kesho tutaonana tena." Tangu hapo kila tairi likitobolewa nasisitiza lipapaswe ndani kwanza.

Kuna matairi ya povu gumu yasiyojazwa upepo. Hayapati pancha kabisa, na kwa mtu anayekaa mbali na fundi ni nafuu kubwa. Ubaya wake ni kwamba yanarusha mtoto kwenye changarawe, na yakilika huwezi kuyaziba, unatafuta mengine ya kampuni ile ile. Mimi nimechagua ya upepo na ninamshauri mtu wa Dodoma afanye hivyo, ila kwa masharti mawili. Kwanza, vali iwe ile nene ya gari na pikipiki, ili fundi yeyote wa bodaboda aweze kujaza. Pili, soma saizi iliyopigwa mhuri ubavuni mwa tairi. Ukiona 12½ x 2¼ shukuru, maana ni saizi ya baiskeli za watoto na tyubu yake utaikuta kwa wauza vipuri vya baiskeli. Saizi za ajabu ajabu zinakufanya uagize kutoka nje kwa ajili ya tyubu moja.

Ile dawa ya kuziba pancha ambayo watu wa bodaboda wanamimina ndani ya tyubu inafaa hapa pia, kwa matundu madogo kama ya mbigili. Upepo usizidi kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Kompresa ya gereji inajaza kwa kasi na tyubu ndogo inaweza kupasuka, kwa hiyo omba pampu ya mkono. Na matairi mawili ya nyuma yawe na upepo sawa. Moja likilegea, kigari kinavuta upande mmoja na mkono wako utachoka kabla hujafika sokoni.

Tairi la mbele liwe la kuzunguka na pia la kufungwa. Likiachiwa linageuka upande wowote, linakufaa sokoni Majengo penye msongamano, unapinda kati ya meza za nyanya kwa mkono mmoja. Likifungwa linatazama mbele tu, na hivyo ndivyo unavyolitaka kwenye mchanga mzito, kwenye mteremko na unapokwenda mwendo wa haraka, la sivyo linaanza kutikisika kushoto kulia na kigari kizima kinatetemeka. Kama halifungiki, hicho si kigari cha njia zetu. Angalia pia linavyoshikwa kwenye uma wake. Yapo yanayotoka kwa kuvuta kiwiko, yaani kile kijimkono kinachobana ekseli ya tairi, ni rahisi kukunja, lakini kiwiko kisipokazwa sawasawa tairi linaweza kuchomoka likiwa njiani. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa bidhaa ya Marekani, CPSC, ilifungua shauri kuhusu tairi la mbele la namna hiyo kwenye vigari vya BOB, na mwaka huo huo wakafikia makubaliano na kampuni. Naitaja kwa sababu mitumba ya vigari kutoka Marekani inafika mpaka huku. Ukikuta cha jina hilo, tafuta mtandaoni mfano wake na mwaka wake kabla ya kutoa hela, na cha aina yoyote ile, kabla ya kutoka nyumbani inua mbele uvute tairi kwa nguvu uone kama limekaa.

Watu wananiuliza kama cha matairi matatu hakipinduki. Kinaweza, ukikitumia vibaya. Kikipinda kona kali kwa kasi, au tairi moja la nyuma likipanda ukingo huku jingine likiwa chini, kinalala upande. Upana wa nyuma ndio ulinzi wake, na upana huo huo ndio unaokwama mlangoni, kwa hiyo pima milango yako kwa futi kamba kabla ya kwenda dukani. Kingine ni mifuko. Mama anatoka sokoni, ananing'iniza kilo tano za mchele kwenye mpini, mtoto anashushwa, na kigari kinaanguka chali. Mzigo ukae kwenye kapu la chini, karibu na ardhi.

Breki ijaribiwe na uzito. Mimi nabeba mfuko wa unga wa sembe wa kilo 10, naufunga mikanda kama mtoto, natafuta mteremko na kukanyaga breki, halafu natazama. Kigari kisogee hata kidogo, hapana. Breki nzuri inashika matairi yote mawili ya nyuma kwa kanyagio moja. Muuzaji akishangaa mwache ashangae. Kiwe pia na kamba ya kuvaa mkononi, maana upepo wa Dodoma wa Julai na Agosti unasukuma kigari chenye paa lililofunguliwa kama tanga.

Mikanda iwe ya kushika sehemu tano: mabega mawili, kiuno pande mbili, na katikati ya miguu. Ule wa katikati ya miguu ndio unaozuia mtoto asiteleze akatoka chini, na kwenye mitumba ndio mara nyingi umekatwa au umepotea. Fundi viatu anaweza kukushonea mkanda, lakini kifungo cha asili kama hakipo, achana na kigari hicho.

Kuhusu umri naomba tusikilizane vizuri. Mtoto mchanga anatakiwa alale bapa, kwa sababu shingo yake haijakaza na akikalishwa kichwa kinaanguka kifuani na kumbana pumzi. Vigari vingi vya matairi matatu kiti chake hakilali mpaka chini, maana yake ni vya mtoto anayeweza kukaa mwenyewe, miezi sita na kuendelea. Kukimbia naye ni baadaye zaidi, watengenezaji wengine wanasema miezi minane. Kabla ya hapo mbeleko inatosha na inazidi. Mama mkwe wangu aliponiambia mtoto anabebwa mgongoni, sikubishana naye, alikuwa sahihi kwa umri ule. Na mpaka leo kanga moja imekunjwa kwenye kapu la kigari, kwa sababu kuna ngazi na kuna usingizi unaotaka mgongo wa mama tu.

Jua la huku ni kali. Paa la kigari liwe refu, lishuke mpaka karibu na magoti ya mtoto, na liwe na dirisha la wavu la kupitisha hewa. Naona mara kwa mara pale Nyerere Square kigari kimefunikwa kanga mbele yote. Nia ni njema, ila hewa haizunguki na joto la ndani linapanda kupita la nje, mtoto yuko kimya unadhani amelala vizuri. Tafadhali usifunike. Geuza kigari, tafuta kivuli cha mti, ahirisha safari hadi saa kumi na moja jioni. Kama ni vumbi, wavu mwepesi wa chandarua unatosha. Na kigari kilichoanikwa juani kiguse vifungo kwanza kwa kiganja chako, hasa vya chuma, kabla ya kumkalisha.

Ukinunua mtumba, kifungue na kukikunja mara kadhaa ukisikiliza. Viungo vya kukunjia ndivyo vinavyochoka, tafuta ufa mwembamba kwenye mabomba karibu na misumari. Fremu nyingi ni za aluminiamu, na mchomeleaji wa magrili ya madirisha hawezi kuichomea ikashika. Ufa mmoja unatosha kukuondoa hapo. Kitambaa kuchujuka si hoja, kinafuliwa na kushonwa.

Kwa wanaopanda bajaji, hakikisha matairi ya nyuma yanachomoka, kwa sababu hata kikikunjwa kigari hiki ni kikubwa, na bila kuchomoa dereva atakudai nafasi ya abiria. Na kwa kuwa kinakaa chini, jioni dereva wa gari anawahi kukuona wewe kabla ya mtoto aliye mbele yako. Bandika stika za kung'aa mbele na ubavuni, zile wanazobandika kwenye malori, na tembea ukitazamana na magari yanayokuja.

Mchanga unaingia kwenye beringi. Kila wiki, na kila baada ya mvua, mimi huchomoa matairi, nafuta ekseli kwa kitambaa kikavu na kuweka tone moja la mafuta ya cherehani. Grisi nzito usiweke sehemu za nje, inakamata mchanga na ndani ya muda mfupi tairi linaanza kulia.