Kwa Mwanangu, Kuhusu Picha Walizopiga Wengine

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, na nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kuwajibu wale watu wa kampuni. Unasema umepewa kazi ya kutafuta picha za zamani kwa ajili ya filamu ya hali halisi ya mwongozaji mwingine, ilhali wewe ulisomea uongozaji na wenzako tayari wanazunguka na kamera zao. Unaniuliza: mtu anayetengeneza filamu kwa picha zilizopigwa na wengine ni mtengenezaji filamu kweli, au ni fundi wa viraka tu? Kisha mwishoni, kama mtu anayeona haya, ukauliza kama kazi hiyo inalisha.

Ikubali. Nimetanguliza jibu ili usisome barua hii yote ukiwa roho juu. Sababu zangu ni hizi.

Swali lako lina karibu miaka 100. Mjini Moscow alikuwepo mhariri aliyeitwa Esfir Shub, ambaye kazi yake ilikuwa kukata upya filamu za kigeni ili zifae kuonyeshwa katika Urusi ya Kisovyeti. Alipotaka kutengeneza filamu kuhusu kuanguka kwa ukoo wa kifalme wa Romanov, iliyotoka mwaka 1927, aliingia kwenye maghala na kupitia mikanda yenye urefu wa takriban mita 60,000, mingine ikiwa imekwisha kuliwa na unyevu. Ndani yake zilikuwamo picha ambazo wapiga picha wa Tsar Nikolai II walizipiga kwa ajili ya familia yake mwenyewe. Kuna kipande ambacho wakubwa wa dola wanacheza dansi kwenye sitaha ya meli, wanafuta majasho, wanacheka. Aliyekipiga alitaka kuonyesha raha ya watu wa heshima. Shub hakuigusa dansi ile. Aliweka tu baada yake watu wanaochimba mtaro, nao wanatoka jasho.

Ukiiona utaelewa kwa nini nakwambia uikubali kazi. Picha ni ileile, lakini sasa inasema jambo ambalo mwenye kamera hakukusudia kulisema. Na unajua studio ilifanyaje? Ilikataa kumtambua Shub kuwa mtunzi, kwa hoja hiyohiyo ya viraka inayokusumbua wewe. Mshairi Mayakovsky ilibidi asimame hadharani kumtetea. Leo maofisa waliomkatalia hakuna anayewakumbuka, na filamu yake bado inafundishwa.

Kwa hiyo utunzi upo. Lakini nisikudanganye kwamba upo katika kukata na kuunganisha peke yake. Kwa maoni yangu sehemu kubwa ya utunzi huu inatendeka kabla hujafungua programu ya kuhariri, pale unapokaa na kipande kimoja cha mkanda na kukihoji. Nani alishika kamera? Nani alimtuma? Alisimama upande wa nani? Nini kilikuwa hatua mbili nje ya fremu? Na kwa nini aliizima kamera pale alipoizima?

Nikupe mfano ambao kila anayeingia kazi hii anapaswa kuujua. Mei 1942 wapiga picha wa Kijerumani waliingia katika geto la Warsaw, mtaa waliofungiwa Wayahudi, na kupiga filamu kwa takriban mwezi mzima. Baada ya vita ikapatikana mikanda yao katika hifadhi ya Ujerumani Mashariki: kama saa moja hivi ya picha zisizo na sauti, haijamaliziwa kuhaririwa. Kwa miongo mingi watengenezaji filamu walichota humo vipande na kuvionyesha kama ushahidi wa jinsi maisha ya geto yalivyokuwa. Mwaka 1998 ukapatikana mkanda mwingine, wa vipande vilivyotupwa. Ndani yake tukio moja linarudiwa na kurudiwa. Watu waliovaa vizuri wanapita kando ya maiti barabarani, wanarudishwa, wanapita tena. Mara mpiga picha mwenyewe anaonekana kwa bahati mbaya pembeni ya fremu. Yale yaliyochukuliwa kuwa maisha yalikuwa yamepangwa na watu wenye bunduki.

Mwongozaji Yael Hersonski alitengeneza filamu kutokana na mkanda huo, ikatoka mwaka 2010. Aliwaketisha wazee walionusurika mbele ya picha zile, akawapiga picha nyuso zao wakitazama. Akazisomea picha hizo shajara ya Adam Czerniaków, mwenyekiti wa baraza la Wayahudi, ambaye alikuwa ameandika jinsi wale wapiga picha walivyoingia hadi nyumbani kwake. Hivyo mkanda ukabanwa na mashahidi kutoka pande zote mpaka ukatoa siri. Hakuna kamera mpya ambayo ingeweza kufanya hivyo. Na angalia jambo moja: njaa inayoonekana mle ilikuwa ya kweli, na wafu walikuwa wafu wa kweli. Picha inaweza kusema uongo na kubeba ukweli kwa wakati mmoja, na kuvitenganisha hivyo viwili ndiyo kazi uliyopewa.

Sasa nije kwenye siku zako zitakavyokuwa. Utakuwa mtu wa jedwali. Kwa kila kipande utaandika kimetoka hifadhi gani, namba ya mkanda, tarehe, aliyekipiga, mwenye haki, taimukodi (saa, dakika na sekunde za mkanda) ya mwanzo na mwisho, na kilichopo ndani kwa maneno yako mwenyewe. Usinakili maelezo ya kwenye katalogi ukaridhika. Aliyeandika katalogi naye alikuwa na macho yake. Nimekutana na mkanda ulioandikwa kwamba ni wa ghasia, nikaona watu wanaotembea polepole nyuma ya jeneza. Unapotafuta, tafuta kwa maneno ya zama zile, hata yale yanayouma, kwa sababu ndiyo yaliyoandikwa kwenye kadi za katalogi. Kinshasa ya mwaka 1958 hutaipata kwa jina la Kinshasa, andika Léopoldville. Na ukishapata taarifa ya habari iliyohaririwa, ulizia mikanda ghafi iliyokatwa ili kupata taarifa hiyo. Mara nyingi mtu unayemtafuta amebaki huko. Mtunza hifadhi mpe heshima yake yote: yeye anajua makopo ya mikanda ambayo hayamo kwenye mfumo wowote.

Sikiliza pia sauti kwa mashaka. Taarifa nyingi za habari za sinema zilipigwa bila sauti, kisha milio ya risasi na vifijo vya umati vikaongezwa studio. Angalia kasi. Kamera za mwanzo zilizungushwa kwa mkono, fremu 16 kwa sekunde au hata pungufu, na zikichezwa kwa 24 watu wanatembea kama wanaodunda. Peter Jackson, kwa filamu yake ya mwaka 2018 kuhusu askari wa Vita Kuu ya Kwanza, alirekebisha kasi ya picha za jumba la makumbusho ya vita la Uingereza, akazitia rangi, akawatumia wasomaji wa midomo kujua askari walikuwa wakisema nini. Kurekebisha kasi nakuunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu vijana wale wanaacha kuwa kichekesho na kuwa binadamu. Rangi siikubali, hata ifanywe kwa ustadi kiasi gani: ni makisio ya mtu wa leo yaliyolazwa juu ya ushahidi, na mtazamaji hana njia ya kuyabandua. Mwongozaji wako anaweza kuona vingine, na ni haki yake. Lakini akitaka kukata juu na chini ya picha ya zamani ili ijaze skrini pana, pambana naye. Mnakata vichwa na miguu ya watu.

Haki na leseni zitakuchosha kuliko vyote, nazo ndizo zitakufanya utafutwe. Mwenye picha hukuuzia ruhusa kwa sekunde au dakika, tena kwa mipaka: nchi zipi, televisheni au sinema au intaneti, na kwa miaka mingapi. Hapo kwenye miaka ndipo watu huumia. Mfululizo mkubwa wa televisheni kuhusu harakati za haki za Wamarekani Weusi, Eyes on the Prize wa Henry Hampton, ulianza kuonyeshwa mwaka 1987. Katika miaka ya 1990 leseni za picha na nyimbo zilizomo zikaanza kuisha muda, na kazi ile ikawa haiwezi kurushwa wala kuuzwa upya. Ilibidi zipatikane fedha za wafadhili ndipo irudi hewani mwaka 2006. Kizazi kizima cha wanafunzi kiliikosa kwa sababu ya muda uliopangwa kwenye mikataba. Kwa hiyo pigania leseni isiyo na kikomo kila bajeti inaporuhusu, na pasiporuhusu, mwambie mwongozaji mapema na kwa maandishi. Zipo picha za bure kisheria, kama zile zilizopigwa na wafanyakazi wa serikali kuu ya Marekani, zikiwemo za NASA. Hata hapo, muziki uliomo unaweza kuwa na mwenyewe.

Omba kuingizwa kazini kabla uhariri haujaanza. Kuna maradhi ya kawaida sana: mhariri anajaza filamu vipande alivyovipakua mtandaoni, vingine bado vina nembo ya kampuni katikati, wote wanavizoea, kisha mtafiti anaitwa mwishoni kuambiwa atafute wenye haki. Usikubali kuwa mtu wa mwishoni.

Utaletewa pia picha zilizotengenezwa na akili mnemba, nzuri kiasi cha kutisha. Mwaka 2024 chama cha watayarishaji wa picha za kumbukumbu cha Marekani, Archival Producers Alliance, kilitoa mwongozo ambao kiini chake ni uwazi kwa mtazamaji. Mimi niko mkali zaidi. Picha ya kubuni ikiingia kwenye filamu yenu bila alama, miaka kumi ijayo mtafiti mwingine ataikuta na kuiweka kwenye jedwali lake kama kumbukumbu, na hapo hakuna atakayeweza kuirudisha nje.

Je, inalisha? Inalisha kwa vipindi. Utaajiriwa kwa mradi, utamaliza, utasubiri. Lakini mwongozaji anaweza kusubiri fedha miaka mingi bila kulipwa chochote, wakati mtafiti anayejua picha ziko wapi anaitwa na waongozaji kadhaa. Mimi nimeishi kwa kazi hii na nimekulea kwayo, na hilo umelishuhudia.

Na kuna haraka. Mkanda wa asetati, ile plastiki ya filamu za zamani, ukianza kuoza unatoa harufu ya siki, na hakuna dawa ya kuurudisha ulivyokuwa. Ubaridi unachelewesha tu. Kanda za video zinasubiri mashine ambazo hazitengenezwi tena. Tamasha la muziki la Harlem la mwaka 1969 lilirekodiwa kwa takriban saa 40, kisha kanda zikakaa kwenye chumba cha chini cha nyumba karibu miaka 50. Filamu iliyotokana nazo ilitoka mwaka 2021 na ikapata Oscar. Zilinusurika kwa sababu aliyezirekodi alizitunza hadi uzeeni. Nyingi hazina mtu kama huyo, na ndiyo maana napenda uingie sasa, ukiwa na macho makali na miguu ya kwenda maghalani.

Kabla hujasaini, tazama jina lako litaandikwaje mwishoni mwa filamu na cheo gani, na kama utaruhusiwa kubaki na nakala ya jedwali lako. Nitumie mkataba niusome kwanza. Na uniambie filamu yenyewe inahusu nini na ni ya miaka gani, maana hukusema, nami huenda nikajua pa kuanzia.

Mama yako akupendaye