Jibu: Bomba la maji kwa kizimba cha gari la mashindano

Kaka, umeuliza kama bomba la maji la galvanaizi la inchi moja na nusu linafaa kujengea kizimba (fremu ya mabomba ndani ya gari inayowakinga waliomo likibiringika) cha gari lako la rali hapo Mwanza. Halifai, nakuomba usilitumie. Kipenyo chake ni kama milimita 48 na kwa macho linaonekana nene, lakini kwa kawaida lina mshono wa kuchomelea kwa urefu wake, na kanuni za FIA (shirikisho la kimataifa la mchezo wa magari), kifungu cha 253, zinataka chuma cha kaboni kisicho na mshono, kilichovutwa kikiwa baridi. Tao kuu, lile la nyuma ya viti, liwe na kipenyo cha milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0. Vipande vingine vingi vinaruhusiwa 38 kwa 2.5, au 40 kwa 2.0.

Usikubali fundi apashe bomba moto ili alikunje. Linakunjwa baridi kwa mashine, na nusu kipenyo cha mkunjo isipungue mara 3 ya kipenyo cha bomba.

Ila sehemu inayonitia hofu zaidi ni miguu ya kizimba, pale kinaposhikana na sakafu ya gari. Bati la sakafu ni jembamba. Gari likibiringika, mguu hulitoboa na kizimba chote kikashuka. Kila mguu wa tao kuu uwekewe bamba la unene wa milimita 3 na eneo la sentimita za mraba 120, na bolti zisizopungua 3 za M8 (kipenyo cha milimita 8), daraja la uimara 8.8. Chomelea kila kiungo mzunguko mzima, hata upande wa paa usiofikika vizuri.

Umeshanunua bomba tayari?