Mliyozungumza mkitafuta suluhu, yataletwa mahakamani?

*Mwenye jengo ana deni langu la milioni 7. Tulipokorofishana nilimwandikia WhatsApp: "Nipe milioni 4 tumalizane." Alikataa. Sasa tuko mahakamani na anauonyesha ujumbe huo, eti nimekiri namdai milioni 4 tu. — Mkandarasi, Nakuru*

Ndugu, pinga mapema, kabla ujumbe haujasomwa. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya, Sura ya 80, kinazuia kukiri kutumika katika kesi ya madai ikiwa kulifanywa kwa sharti kwamba kusitolewe ushahidi, au katika hali inayoonyesha mlielewana hivyo. Maneno "bila kuathiri haki" (kwa Kiingereza "without prejudice"), yanayoandikwa kwenye barua ya kutafuta suluhu, husaidia sana, lakini mahakama inaweza kuona yenyewe kwamba mlikuwa mkizozana na mkitafuta suluhu. Wewe hukuyaandika, kwa hiyo leta ujumbe uliotangulia, unaoonyesha ugomvi ulikuwa umeshaanza.

*Basi niyaandike kwenye kila barua? — Fundi mkuu, Thika*

Usifanye hivyo, tafadhali. Ankara ni ankara hata ukiibandika maneno hayo. Na notisi ya kuomba muda zaidi ukiiandika hivyo, umempa mwenzako hoja ya kuikataa siku utakapoihitaji.

*Mkandarasi mkuu amepatana na mteja. Mimi mkandarasi mdogo nataka barua zao, nijue kazi yangu waliihesabu shilingi ngapi. — Mombasa*

Swali lako lilishafika Baraza la Malordi la Uingereza, wakati huo mahakama yao ya juu kabisa, mwaka 1988, katika kesi ya Rush & Tompkins dhidi ya Halmashauri ya London Kuu. Kampuni ya Carey, mkandarasi mdogo kama wewe, iliomba barua za namna hiyo hiyo ikanyimwa, ingawa mkandarasi mkuu na mteja walikuwa wameshapatana. Mtu anayeogopa kwamba maneno yake yatamfikia wa tatu hatasema kweli mezani. Uamuzi huo hauifungi mahakama ya Kenya, ila una uzito.

Nakuelewa, inauma. Lakini kinacholindwa ni mazungumzo tu. Daftari la saiti, vipimo vilivyotiwa saini, picha za nguzo kabla ya zege: hivyo havigeuki siri kwa kuwa vilitajwa kikaoni. Vidai.

*Tulikubaliana, sasa anakana. Naweza kutoa mahakamani barua za mazungumzo yetu? — Kisumu*

Ndiyo. Anapokana kwamba makubaliano yapo, barua hizo huruhusiwa kuthibitisha kuwa yalifikiwa.