Usikimbilie kuchimba: neno kwa wanaotaka kazi ya mambo ya kale Uganda

Wiki iliyopita kijana mmoja anayesoma chuo hapa Kampala aliniandikia. Baada ya shikamoo nyingi (nami mvi zangu bado za kuhesabika, lakini haya, nimepokea) akafika kwenye haja yake: "Dada, nataka kwenda kuchimba Bigo. Nianzie wapi?"

Bahati yake alinikuta katika siku nzuri. Asubuhi ile ile nilikuwa nimepata habari kwamba ripoti yangu ya vigae, yaani vipande vya vyungu vya kale, imekubaliwa kuchapishwa, na jina langu ndilo linalotangulia. Naam, linatangulia, wala halikufichwa kwenye aya ya shukrani. Basi nikamjibu kwa maneno mengi kuliko alivyotarajia, halafu nikaona heri niyaweke hapa, maana najua mko wengi mnaoota shimo, mwiko na chekeche.

Bigo kumeshachimbwa. Hilo ndilo la kwanza nililomwambia, na najua lilimkata maini. Bigo bya Mugenyi, kule Ssembabule kando ya mto Katonga, ni mahandaki ambayo ukiyaunga yote yanazidi kilomita 10, na kuna sehemu waliyakata mpaka ndani ya mwamba. Mwanaakiolojia Peter Shinnie alichimba pale 1957. Mwenzake Merrick Posnansky akafuata 1960. Wote wawili waliandika walichokiona katika Uganda Journal, na makala hizo zinapatikana kwa yeyote anayejua njia ya maktaba. Posnansky alilitazama tuta kubwa la ndani akaona linafanana na boma la kifalme la Nkore, ufalme wa jirani. Miaka ya 1990 mtafiti mwingine, John Sutton, akaja na fikra nyingine, kwamba mambo ya pale yanaeleweka zaidi ukiyatazama kwa jicho la mfugaji, ng'ombe na malisho, kuliko kwa jicho la mwanajeshi. Ubishi huo haujaisha. Sasa wewe unayetaka kushika mwiko, uko upande gani, na unatafuta kitu gani kitakachomtoa mmoja wao kwenye hoja? Kama huna jibu, hilo shimo lako litakuwa la kupandia migomba tu.

Wanafunzi nikiwauliza kama wamezisoma makala hizo, wengi hutazama viatu vyao.

Nizungumze kidogo habari zangu, ndipo mjue ninayasemea wapi. Nimezaliwa Jinja, baba yangu alikuwa askari, kwa hiyo Kiswahili kwetu ni cha nyumbani. Nilipomaliza chuo nilipata kibarua na kikundi cha watafiti wa kigeni waliokuja kuchimba magharibi. Mahali pale sipataji, na wao siwataji. Walinichukua kama mkalimani. Wanaume niliosoma nao walishushwa shimoni siku ya kwanza, mimi nikapewa beseni, mswaki na gunia la vigae, kwa sababu, nadhani, kuosha vyombo kunamfaa mwanamke popote alipo. Niliumia. Lakini niliosha.

Na ndipo nilipojifunza kazi. Kigae hakisuguliwi ndani, kwa kuwa masizi na ukoko wa chakula uliogandia mle ni ushahidi. Unasugua ukingo uliovunjika, ili uone udongo wake una mchanga, kokoto au vumbi la vigae vingine. Unakianika kivulini juu ya mkeka, kila mfuko na lebo yake kando, na ukichanganya lebo mbili umeharibu kazi ya shimo zima. Kisha unakigeuza kwenye mwanga wa pembeni, asubuhi au jioni, wala si saa sita mchana jua likiwa utosini. Hapo nakshi zinajitokeza. Kamba iliyosokotwa ikiviringishwa juu ya udongo mbichi huacha safu za vishimo vilivyolala mshazari kama punje za mpunga zilizopangwa. Kijiti kilichochongwa huacha umbo linalojirudia, na ukilifuata kwa kidole unafika mahali kijiti kilipomaliza mzunguko kikaanza upya. Vyungu vya Urewe, vya wahunzi wa kwanza wa nchi za maziwa makuu, havina hata kimoja kati ya hivyo. Vina mistari iliyochorwa kwa ncha, midomo iliyokatwa kwa ngazi ngazi, na vingine kitako chake kimebonyezwa kwa kidole. Mabadiliko kutoka Urewe kwenda nakshi za kuviringisha yalitokea kuelekea mwisho wa milenia ya kwanza, na ndiyo saa ya ukutani ya mtu anayefanya utafiti upande huu wa Afrika. Hata kabla ya kupeleka mkaa maabara ukapimwe umri, kigae kimeshakunong'oneza karne.

Mwisho wa msimu nilikuwa natenganisha vigae upesi kuliko mkubwa wa kazi mwenyewe. Alikuwa ananiletea vile vinavyomshinda. Nilitengeneza jedwali, tabaka kwa tabaka, aina kwa aina. Ripoti yao ilipotoka nililikuta jedwali langu lote, hata mpangilio wa safu haukuguswa. Jina langu halikuwamo. Palikuwa na sentensi moja ya kuwashukuru "wasaidizi wetu wa huko". Watu huniambia nisamehe. Nimesamehe. Ila nakala ya ripoti hiyo iko kabatini kwangu, na sentensi ile nimeipigia mstari mwekundu.

Kwa hiyo ushauri, kama ni ushauri mnaoutaka: andika. Kila siku, daftari lako mwenyewe, tarehe, tabaka, nani alikuwepo, wewe ulifanya nini. Na kabla hujaosha kigae cha kwanza uliza kwa adabu, lakini uliza, majina yatakaaje kwenye ripoti. Watakuona una kiherehere. Acha wakuone.

Miaka iliyofuata nairuka. Ilikuwa ya kufundisha sekondari, kufuatilia vibali na kusubiri simu.

Kilichoniinua ni masanduku. Kwenye ghala za nchi hii, na za nchi nyingine, kuna vigae vilivyochimbwa na watu waliokwisha kufariki, ambavyo havijapata mtu wa kuvitazama kwa makini tangu vifungwe kwenye karatasi za magazeti. Kuchimba ni kitu cha gharama, na shimo likishachimbwa haliwezi kuchimbwa tena. Sanduku halihitaji hema wala mpishi. Linahitaji barua ya maombi, subira na jicho. Ripoti yangu iliyokubaliwa juzi imetokana na masanduku ya namna hiyo, sikuinua hata jembe. Mnaona mantiki yake? Ninyi mnaoniuliza kila siku juu ya kuchimba, someni kwanza vilivyochimbwa.

Mfano wangu ninaoupenda ni Ntusi, ambako si mbali na Bigo. Watu hupita pale wakienda kupiga picha mahandaki, hawasimami, kwa sababu hakuna cha kupiga picha. Kuna vilima viwili ambavyo wenyeji wanakiita kimoja dume na kingine jike. Ukivikata ndani ni majaa. Taka za nyumbani za watu walioishi pale kuanzia kama karne ya 11 hadi ya 15, vizazi juu ya vizazi: mifupa ya ng'ombe kwa wingi, vigae, mawe ya kusagia nafaka. Mwanaakiolojia Andrew Reid alifanya kazi pale kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, na majaa hayo ndiyo yaliyoonyesha kwamba ng'ombe na kilimo vilikwenda pamoja katika makazi makubwa kabla ya falme tunazozijua kwa majina. Hakuna taji wala upanga. Mimi naona jaa la Ntusi lina maneno mengi kuliko handaki la Bigo, na najua wapo watakaonuna.

Mkitaka kuona hasara ya kitu kizuri kisicho na mahali pake, tazameni kichwa cha Luzira. Mwaka 1929 wafungwa waliokuwa wakichimba kwenye eneo la gereza la Luzira walikitoa ardhini kichwa cha udongo wa kuchomwa, pamoja na vipande vingine. Kiko London, British Museum. Kinatazamwa na kila mtu, na umri wake umebishaniwa miaka yote hiyo, kwa sababu koleo lilifika kabla ya daftari.

Sasa kuhusu wazee, maana kijana wangu aliuliza pia kama atumie masimulizi ya Wachwezi, wale wafalme wa kale wa hadithi. Atumie, lakini afungue masikio yote mawili. Niliwahi kukaa na mzee mmoja, akanisimulia Ndahura na Wamala kwa mpangilio safi kabisa, mfalme baada ya mfalme. Nikamwuliza alisimuliwa na nani. Akamwita mjukuu, mjukuu akaleta daftari la shule. Orodha ile ilikuwa na asili yake: miaka ya 1930 Mukama, yaani mfalme, Tito Winyi wa Bunyoro alichapisha habari za wafalme katika Uganda Journal kwa herufi K.W., zikaingia vitabuni, vitabu vikaingia madarasani, madarasa yakarudi vijijini. Mzee hakudanganya. Alinirudishia tulichompa. Lakini nilipoacha wafalme nikamwuliza ng'ombe walikuwa wakinywa wapi wakati wa kiangazi, alinisimulia mpaka jua likazama, na hakuna lolote katika hayo lililokuwamo daftarini.

Vivyo hivyo na kule Biharwe, karibu na Mbarara, ambako kuna mnara wa kukumbuka kupatwa kwa jua tarehe 17 Aprili 1520. Masimulizi yanasema mfalme Olimi wa Bunyoro alikuwa anarudi na ng'ombe aliowateka Nkore, jua likazimika mchana, akawaacha akakimbia. Hadithi tamu sana. Wapo walioning'iniza hesabu nzima ya wafalme juu ya tarehe hiyo moja, na wapo wanaouliza kama ndiko kupatwa kwenyewe. Mtafiti anayekubali kila tarehe kwa sababu imejengewa mnara atafute kazi ya kutembeza watalii, ina heshima yake na inalipa.

Ndugu zangu, mnapenda sana mwanzo wenye kelele. Soma. Andika. Soma tena. Nimeshayasema na nitayasema mpaka mchoke, kwa sababu aliyenyimwa jina anajua thamani ya karatasi.

Kijana aliandika tena jana. Safari hii hakuomba kuchimba, anataka tu kwenda kutazama Ntusi, ila aliomba namba ya simu ya mwenye shamba. Namba ya mtu sitoi. Kibali cha utafiti kinaombwa kwa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia na kwa idara ya makumbusho, na bila kibali sheria haikuruhusu kuinua hata kigae kilichojilalia njiani. Kwa kutazama tu, beba barua ya chuo, uanze kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, umweleze wazi kwamba hutafuti dhahabu wala zebaki, kwa kuwa uvumi huo utafika kabla yako. Yeye ndiye atakayekupeleka kwa wenye ng'ombe. Na usifike kabla ya saa nne, asubuhi wanakamua.