Jibu: Blue Train yenye lebo ya “New York USA”
Ndugu, umeuliza kama santuri yako ya jazz, Blue Train ya John Coltrane, yenye lebo ya kampuni ya Blue Note iliyoandikwa “New York USA”, ni chapa ya kwanza kama muuzaji alivyokuapia. Si ya kwanza. Muziki huo ulirekodiwa Septemba 1957, na santuri za mwanzo zina anwani “47 West 63rd NYC” kwenye lebo. Maandishi ya kwako yalikuja miaka ya 60.

Ila usivunjike moyo! Iinamishe chini ya taa, utazame ile sehemu laini kati ya mifereji na lebo. Ukiona kialama kama sikio dogo, imetoka kiwanda cha Plastylite, kilichowachapia Blue Note hadi 1966. Tafuta pia herufi RVG, za fundi wa sauti Rudy Van Gelder. Lebo peke yake inadanganya, maana kampuni ya Liberty ilipoinunua Blue Note, lebo za zamani zilizobaki ziliendelea kutumika kwenye santuri zisizo na sikio.

Mimi ninayo moja ya “New York USA” yenye sikio. Tarumbeta ya Lee Morgan inasikika kama yumo chumbani, na siiuzi ng'o. Ya kwako ina sikio? Tuwekee picha.