Roketi ya Scout inageuka mkia mbele

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Dodoma. Klabu yetu ya sayansi imejenga seti ya roketi ya mfano aina ya Scout, ile ya Marekani iliyokuwa ikipeleka setilaiti angani, kipimo cha 1 kwa 40. Ina urefu wa sentimita 57, kipenyo sentimita 2.5, na uzito gramu 72 bila injini. Injini bado tunasubiri kibali, kwa hiyo tulichonga mti wenye ukubwa na uzito wa injini ya C6, gramu 24. Tukiifunga roketi kwa kamba na kuizungusha ikiwa tupu, inakwenda pua mbele vizuri. Tukiweka ule mti, inageuka mkia mbele. Tumekosea wapi? Pia, tuagize C6-5 au C6-7? Tunataka kuirusha Agosti kwenye uwanja wa mpira wa shule.

JIBU: Mwalimu, ujenzi wenu hauna kosa. Kubeba mti wakati wa jaribio ndiko kumewaokoa, maana wengi huizungusha roketi tupu, wakaridhika, kisha siku ya kurusha ikapinduka mita kumi juu ya vichwa vya watoto.

Shida imo kwenye Scout yenyewe. Ile halisi ilikuwa na urefu wa karibu mita 23 na mapezi madogo sana, kwa sababu haikutegemea mapezi peke yake kushika njia: ilikuwa na vibao vya kuelekeza moshi wa injini na ncha za mapezi zinazogeuka. Ndiyo aina iliyorushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970 ikiwa na setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake. Mfano wenu umerithi mapezi madogo bila kurithi mitambo ya kuyasaidia.

Kanuni ni hii: kitovu cha uzito lazima kiwe mbele ya kitovu cha msukumo wa hewa (mahali ambapo nguvu zote za hewa ni kama zinakutana), angalau kwa kipenyo kimoja cha roketi. Kwenu ni sentimita 2.5. Kitovu cha uzito mnakipata kwa kuilaza roketi juu ya ukingo wa rula mpaka itulie. Cha hewa, kata umbo la roketi nzima, pamoja na mapezi, kwenye kadibodi ngumu, kisha litafutie mahali linapotulia. Njia hii ya kadibodi ni ya woga: kwa kawaida huonyesha kitovu cha hewa kikiwa mbele kuliko kilivyo hasa, na hapa woga unatufaa.

Tuchukulie kadibodi imetulia sentimita 34 kutoka ncha ya pua. Roketi tupu ikitulia sentimita 28.8, iko salama. Ukiweka injini, ambayo katikati yake iko sentimita 53.5, uzito wote unafika gramu 96 na kitovu cha uzito kinarudi nyuma hadi 35. Kimeshavuka kile cha hewa kwa sentimita moja, na ndiyo maana mkia unatangulia. Mnatakiwa kukivuta hadi 31.5 au pungufu. Uzito ukikaa ndani ya pua, sentimita 6 kutoka ncha:

96 × (35 − 31.5) ÷ (31.5 − 6) = gramu 13.2

Wekeni gramu 14. Jumla inakuwa gramu 110 na kitovu kinakaa 31.3. Fanyeni hesabu upya kwa vipimo vyenu, kwa sababu tofauti ya nusu sentimita inabadilisha gramu mbili. Tumieni washa ndogo (vile vyuma vya duara vinavyokaa chini ya nati) au chubwi za kuvulia, zipimwe kwa mizani ya dijitali, zishikwe kwa gundi ya sehemu mbili. Udongo wa kuchezea peke yake hulainika pua ikikaa juani, ukabanduka parachuti linapofyatuka.

Rangi nayo ni uzito, na kwa kawaida hujikusanya kwenye mapezi. Pakeni tabaka jembamba, liacheni likauke, kisha pimeni tena roketi ikiwa kamili: injini, parachuti, kamba, stika zote. Jaribio la kamba hufanywa mwisho, kamba ikifungwa penye kitovu cha uzito, urefu kama mita 2.5. Kama hampendi kuongeza uzito, bandikeni mapezi makubwa ya plastiki angavu nyuma ya yale ya asili. Kwa macho yangu yanaharibu sura ya Scout, na upepo huyashika zaidi. Heri washa ndani ya pua, hakuna anayeziona.

Sasa injini. Herufi C ni jumla ya nguvu, zaidi ya nyutoni-sekunde 5 hadi 10. Namba 6 ni wastani wa msukumo kwa nyutoni. Namba ya mwisho ni sekunde kati ya baruti kuisha na ule mlipuko mdogo unaosukuma parachuti nje. Roketi ya gramu 110 kwa injini hii hufika kama mita 150, na hupanda kwa takribani sekunde 5 baada ya moto kuzimika. Kwa hiyo chukueni C6-5. Ukitumia C6-7, parachuti linafunguka roketi ikiwa imeshaanguka kwa sekunde mbili, inakwenda karibu mita 20 kwa sekunde. Kamba ya parachuti inapasua bomba la mwili kama kisu, au parachuti linachanika. Ila gramu 110 ni karibu na kikomo cha C6-5, takribani gramu 113. Msiongeze mapambo.

Kwa uzito huo, roketi inaondoka polepole. Fimbo ya kawaida ya kuiongoza ikianza kupanda, ya mita 0.9, haitoshi, tafuteni ya mita 1.2, ya chuma, iliyonyooka, ili roketi iiache fimbo ikiwa na kama mita 12 kwa sekunde. Upepo wa mita 4 kwa sekunde ukiikuta hapo, hewa inaipiga kwa pembe ya digrii 18, nayo hugeuza pua kuelekea upepo unakotoka. Hapo ndipo Dodoma inapowatega. Agosti mchana upepo hauna adabu. Rusheni asubuhi, jua likiwa limechomoza tu.

Uwanja wa mpira ni mdogo. Kanuni za usalama za Marekani zinataka angalau mita 120 kila upande kwa injini ya C, na uwanja wenu hata kwa urefu haufiki hapo. Tena Dodoma iko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa takribani asilimia 10, na parachuti hushuka kwa kasi kidogo kuliko Dar es Salaam. Parachuti la sentimita 40 litaishusha Scout yenu kwa kama mita 4.3 kwa sekunde, yaani sekunde 35 hewani. Upepo wa mita 4 unaipeleka mita 140. Tafuteni mbuga tupu ya mita 300, mbali na migunga, nyaya za umeme na barabara. Kiwanja cha ndege cha Dodoma kiko mjini na cha Msalato kiko kaskazini, kwa hiyo eneo lolote mlichague baada ya kuongea na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, pamoja na polisi na mtendaji wa kijiji.

Nyasi za Agosti ni petroli. Fyekeni hadi udongo mtupu, mita 1.5 kuzunguka fimbo, wekeni bati chini ya roketi, na ndoo mbili za maji na mchanga karibu. Kati ya injini na parachuti wekeni karatasi iliyotibiwa isishike moto. Ikikosekana, jani bichi la kabichi lililokunjwa, liwekwe dakika chache kabla ya kurusha. Karatasi ya chooni hushuka ikiwaka. Parachuti la plastiki lipakwe poda ya mtoto lisigandamane.

Kuwasha ni kwa umeme tu. Betri ya pikipiki ya volti 12 inafaa, waya usipungue mita 5, na ufunguo wa usalama akae nao anayerusha. Isipowaka, mara nyingi kiwashio kimechomoka au hakigusi baruti. Toeni ufunguo, subirini sekunde 60, ndipo mtu mmoja asogee.

Injini zenyewe ni baruti, ziko chini ya sheria ya vilipuzi, na haziingii kwenye begi la ndege. Kibali kikichelewa, subirini. Msijaze bomba kwa unga wa fataki wala msichanganye baruti yenu: bomba linalopasuka linakata vidole. Ule mti wa gramu 24 utunzeni, mtauhitaji kila mara roketi ikitengenezwa upya.