Maswali ya Ardhi: Ramani iko ofisini, ufuta uko malishoni

Barua za mwezi huu zimekuja kwa wingi, na nyingi zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji ni wa nani, na nani anaruhusiwa kuugusa. Nimechagua nne. Zilizobaki zivute subira.

Shikamoo mzee. Mimi ni mkulima, nina miaka 29. Kijiji chetu kina ramani ya matumizi ya ardhi, imebandikwa ofisini kwa mtendaji, nyuma ya mlango. Upande wa magharibi umepakwa rangi ya kahawia na umeandikwa MALISHO. Ukienda kule leo ni ufuta mtupu, hata mimi nina ekari mbili. Juzi serikali ya kijiji imekaa, ikatangaza kwamba imebadilisha mpango na eneo lile sasa ni la kilimo. Wafugaji wamekuja juu. Je, serikali ya kijiji ina uwezo huo? Na mpango wenyewe huandaliwaje? Ulipopitishwa nilikuwa bado shule.
*Mkulima wa ufuta, Lindi*

Marahaba kijana wangu. Hapo kwenye "nyuma ya mlango" nimecheka. Miaka yote niliyozunguka vijijini kama afisa mipango, nilipoingia ofisi ya kijiji nilikuwa naufunga mlango kwanza ndipo nitafute ramani.

Uwezo huo hawana. Halmashauri ya kijiji, ndiyo hiyo unayoiita serikali ya kijiji, ni watu 15 hadi 25, na kazi yao kwenye mpango ni kuandaa na kupendekeza. Wanaopitisha ni Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea. Ndivyo inavyosema Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, Na. 6 ya 2007, imekwenda njia hiyo hiyo. Hata kumgawia mtu ardhi, halmashauri haiwezi kabla Mkutano Mkuu haujaridhia. Kwa hiyo kikao cha juzi kimetoa pendekezo tu, na walitangaze kama pendekezo.

Sasa unavyoandaliwa. Mwongozo wa Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi una hatua sita. Ya kwanza ni maandalizi ya wilayani: timu inaundwa, afisa ardhi, mpima, wa mifugo, wa misitu, wa maendeleo ya jamii, na bajeti inatafutwa. Hapo sina la kusema zaidi ya kwamba bajeti ikichelewa kila kitu kinachelewa. Ya tatu ni upimaji na uchoraji wa matumizi yaliyopo, na ya nne ndipo mpango wenyewe unapoandikwa na kupelekwa mkutanoni. Ya tano ni kuweka masjala ya ardhi ya kijiji na kutoa hati za hakimiliki za kimila. Ya sita ni usimamizi, na humo ndimo marejeo yanamokaa.

Nimeiruka ya pili makusudi, maana ndiyo roho ya kazi yote. Timu inafika kijijini, inakaa na watu, na watu wanachora kijiji chao chini, kwenye vumbi. Majivu yanakuwa mto, vijiti vinakuwa barabara, mbegu za maharage zinakuwa kaya. Tulikuwa tunawatenganisha wanaume na wanawake, kila kundi na mti wake. Wanaume walianza na mipaka na shule. Wanawake walianza na kisima, njia ya kuni, na kidimbwi kinachokauka Septemba. Kijiji kimoja, makundi yalipokutana, bibi mmoja alitazama mchoro wa wanaume, akachukua kijiti, akaufuta mto kwa mguu na kuuchora upya. "Huu mto wenu," alisema, "mmeupitisha kwa mwenyekiti." Mpima alipokwenda na GPS yake siku iliyofuata, mto ulikuwa pale pale alipouweka bibi.

Nikuambie na kosa langu, maana linafanana na lenu. Mwaka mmoja tulifanya kazi hiyo Machi, mvua zikinyesha. Waliokuja ni wakulima. Wenye ng'ombe walikuwa wameshaondoka na mifugo kufuata majani, na sisi tulikuwa na posho za siku chache, tukaandika, mkutano ukapitisha, tukapiga picha na kuondoka. Agosti ng'ombe wakarudi, wakashika njia yao ya siku zote kwenda lambo. Njia hiyo kwenye ramani yetu ilikuwa katikati ya eneo la makazi, na mtu alikuwa ameshachimba msingi wa nyumba akiwa na kibali mkononi. Hakuna aliyekosea pale isipokuwa sisi wenye maka peni. Ilibidi kijiji kiitishe mkutano mwingine, wenye mifugo wakiwapo, palio, yaani njia ya mifugo, lichorwe, na yule bwana apewe kiwanja kingine. Tangu hapo, nikiona mpango ninauliza kwanza: uliandaliwa mwezi gani?

Kubadilisha mpango kunapita njia ile ile uliyopitia kuupata. Mipango mingi huandikwa kwa miaka 10, lakini hali ikibadilika sana hakuna haja ya kungoja muda uishe. Kamati ya usimamizi wa matumizi ya ardhi ya kijiji inakwenda shambani na ramani ya zamani: wapi mambo yako kama yalivyochorwa, wapi yamehama, na yamehamishwa na nani. Halmashauri ya kijiji inaandaa pendekezo, timu ya wilaya inasaidia kupima, Mkutano Mkuu unajadili na kuamua, muhtasari pamoja na orodha ya mahudhurio unakwenda halmashauri ya wilaya, na Tume inapata taarifa. Sheria ndogo za mpango nazo zirekebishwe wakati huo huo. Nimeona kijiji chenye ramani mpya na sheria ndogo za zamani. Mgambo anamtoza mtu faini kwa kulima kwenye eneo ambalo ramani inasema alime.

Na wewe, mwanangu, usinichukie. Zile ekari mbili zako ziko malishoni. Kupalilia hakukupi haki, na wingi wenu hauwapi haki pia. Inawezekana kijiji kikaona kweli malisho yale ni makubwa kuliko mifugo iliyopo na kikakata kipande cha kilimo. Inawezekana kikakataa. Mkutano Mkuu wa kawaida unatakiwa kila miezi mitatu. Omba suala hili liwe ajenda na libandikwe ubaoni mapema, omba wenye mifugo waitwe kwa majina, na usiongeze hata mita moja ya ufuta mpaka siku hiyo.

Habari za kazi baba. Mume wangu alifariki akaniachia shamba la mpunga kando ya mto. Timu ya mpango imepita, imepaka rangi ya kijani mto mzima, na shamba langu limo ndani. Mjumbe mmoja ameniambia nisilime msimu huu, mimi ni mvamizi. Mashemeji nao wanasema hata likibaki si langu. Nifanye nini?
*Mama wa mpunga, Kilombero*

Pole mama, kwa msiba na kwa maneno. Una mambo mawili hapa, na wanaokusumbua wanafaidika ukiyachanganya.

La kwanza ni mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20 ya 2004, imezuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Kwenye hilo timu haijakuonea. Lakini mita 60 zina mwisho. Brashi ya rangi kwenye karatasi inaweza kumeza mita 200 na mchoraji asijue. Mwite mpima aje na kamba, aanzie kwenye ukingo, ahesabu mpaka 60, muweke alama, na jirani zako wa pande zote mbili washuhudie. Huenda utagundua nusu ya shamba iko nje. Kisha hakikisha pingamizi lako limeandikwa kwenye muhtasari kabla mpango haujapitishwa. Lisemwe hadharani na liandikwe. Ukimnong'oneza mjumbe njiani, kwenye makaratasi hujasema kitu. Misingi ya sheria za ardhi inataka mtu ambaye haki yake imeguswa alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati, kwa hiyo neno "mvamizi" kwa shamba mlilolitumia kihalali miaka yote halikuhusu.

La pili ni mashemeji. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi kihalali. Nenda Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina wajumbe saba, na wasiopungua watatu lazima wawe wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Mpango ukishapita na masjala ikafunguliwa, omba hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lako. Wakati wa uhakiki wa mipaka uwepo shambani mwenyewe, usimtume shemeji.

Mzee, sisi ni wafugaji. Kiangazi ng'ombe zetu hupita vijiji vitatu kufuata maji. Kila kijiji kinapanga chake, na kila mpango ukitoka njia yetu imekatwa mahali. Sasa mpango wa kijiji kimoja unatusaidia nini?
*Mfugaji, Simanjiro*

Peke yake, kidogo sana. Mvua haijui mpaka wa kijiji, na ng'ombe pia. Ndiyo maana kifungu cha 11 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kinaruhusu vijiji kukubaliana matumizi ya pamoja ya ardhi.

Na huna haja ya kwenda mbali kuona. Jirani zenu wa Kiteto, vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa, walikaa pamoja wakatenga malisho ya pamoja, wakayapa jina OLENGAPA, lililokatwa kutoka majina yao matatu. Kila kijiji kilibaki na mpango wake na halmashauri yake. Walichounganisha ni nyanda, maji, na kamati ya kusimamia. Watumeni wazee wenu wawili wakalale kule siku tatu. Watajifunza mengi kuliko semina ya hotelini, na chai watapewa.

Mkirudi, anzeni na orodha ya vitu ambavyo haviwezi kuhamishwa: lambo, josho, sehemu za chumvi, mapito. Halafu muandike mila zenu kwenye mpango kwa majina yake. Kama mna alalili ya ndama, yaani malisho mnayoyafunga kwa ajili ya kiangazi, iandikwe alalili, na miezi ya kuifunga itajwe. Wasukuma wa Shinyanga waliziandika ngitili zao, malisho yao ya kutunzwa. Afisa akikuta kwenye ramani eneo lisilo na nyumba wala shamba na halina jina, ataliita "ardhi ya akiba", na akiba kila mtu anaitolea macho.

Kuhusu hilo la macho, kumbukeni kwamba mwekezaji akija kutaka ardhi ya kijiji, Mkutano Mkuu ndio unaojadili kwanza. Isiyozidi hekta 250, uhaulishaji, yaani kuihamisha kutoka ardhi ya kijiji, unaweza kukubaliwa au kukataliwa na mkutano huo. Ikizidi hapo, mkutano unatoa maoni yake na uamuzi unakwenda kwa Waziri. Mpango ulioandikwa vizuri ndio mtakaouweka mezani siku hiyo.

Kijiji chetu kimetangazwa kuwa mji mdogo. Mpango wetu wa matumizi ya ardhi bado unafanya kazi?
*Msomaji, Mbeya*

Mambo yanahama. Eneo likitangazwa kuwa la upangaji wa mji linaingia chini ya Sheria ya Mipangomiji, Na. 8 ya 2007, na anayepanga ni mamlaka ya mji. Badala ya kanda za kilimo na malisho mtaona michoro ya viwanja, barabara na maeneo ya wazi. Mpango wenu wa zamani usiutupe: unaonyesha nani alikuwa wapi, na siku mchoro mpya utakapopita juu ya shamba la mtu ndio atakaouhitaji. Toeni nakala tatu, moja mmpe diwani, moja ikae mamlaka ya mji, na ya tatu ikae kwa mtu mwenye kabati linalofungika.

Barua ya msomaji wa Tanga kuhusu mpaka kati ya vijiji viwili nimeipata. Anitumie kwanza nakala ya cheti cha ardhi ya kijiji chake, pande zote mbili za karatasi, maana ile aliyotuma imekatika pale pale mpaka unapoelezwa.